Saratani Ipi, na Dawa Inaiuaje?

Hotuba kwa wanafunzi wa sayansi, wahudumu wa afya na wananchi, Mtwara Mjini

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Walimu, wauguzi, waganga wa zahanati, wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, na kina mama mliotoka Mikindani na Naliendele kuja kusikiliza habari za seli kwenye jua kali namna hii, habari za mchana. Itifaki imezingatiwa.

Haupiti mwezi bila simu zetu kuletewa habari kwamba dawa ya saratani imepatikana. Mara majani ya mstafeli, mara mizizi iliyosagwa ikatiwa kwenye chupa ya maji, mara sindano ya Ulaya ambayo hakuna anayeijua jina. Wauzaji hawasemi saratani gani; wanasema saratani, basi. Mwenye uvimbe kwenye titi, mwenye saratani ya koo, mwenye saratani ya shingo ya kizazi, wote wanakunywa chupa moja. Nimeombwa leo nizungumzie utafiti wa kuizuia seli isivunje protini zake, na nimelipokea ombi hili kwa moyo mkunjufu, kwa sababu sijui mfano bora kuliko huu wa kuonyesha dawa ya kweli ilivyo. Ni dawa inayoua saratani chache tu. Tunajua inaziuaje. Na kwa kiasi kikubwa tunajua kwa nini nyingine inazishindwa. Basi mtu akikuletea dawa ya saratani, mdai majibu ya maswali mawili: saratani ipi, na inaiuaje?

Tuanze na seli yenyewe. Shuleni tunafundishwa sana jinsi seli inavyotengeneza protini. Jinsi inavyozivunja tunapitishwa haraka, na mimi naona hilo ni kosa la mtaala, maana kuvunja ni kazi kubwa sawa na kujenga. Kuna protini ndani ya mwili wako zinazodumu siku nyingi, na kuna nyingine ambazo zisipoondolewa ndani ya dakika chache zinaleta balaa. Zile zinazoiamuru seli igawanyike, kwa mfano, zinapaswa kufanya kazi yake kisha zitoweke. Protini zilizokunjwa vibaya nazo lazima ziondoke, la sivyo zinagandana na kuisumbua seli mpaka inakufa.

Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kazi hii yote inafanyika kwenye lisosomu, kijifuko chenye asidi na vimeng'enya ndani ya seli. Lakini kulikuwa na jambo lililokuwa haliwaingii akilini. Mwaka 1953 mtafiti Melvin Simpson alionyesha kwamba seli za ini zinahitaji nishati ili kuvunja protini zake. Kwa nini nishati? Chakula tumboni kinavunjwavunjwa na vimeng'enya bila seli kulipia chochote. Mwenye kulipia uvunjaji bila shaka anachagua cha kuvunja. Swali hilo lilikaa zaidi ya miaka ishirini bila jibu.

Jibu lilianza kupatikana Haifa, Israeli, kwa Avram Hershko na mwanafunzi wake Aaron Ciechanover. Hapa wanafunzi nawaomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu jaribio lenyewe mngeweza kulielewa hata kesho asubuhi maabara. Walichukua chembe changa za damu nyekundu za sungura. Chembe hizo hazina lisosomu, ila zinavunja protini, na zinatumia nishati kufanya hivyo. Walizipasua, wakatenganisha majimaji yake kuwa mafungu mawili. Fungu la kwanza peke yake halikuvunja kitu. La pili peke yake, vilevile. Walipoyachanganya, kazi ikaanza upya. Kwa hiyo ndani ya fungu la kwanza kulikuwa na kitu kilichokuwa kinahitajika, lakini kimefunikwa na himoglobini tele, ile protini nyekundu ya damu.

Wakalichemsha. Himoglobini ikaganda yote ikazama, na juu yake yakabaki maji. Protini nyingi zikichemshwa zinaharibika. Yai linathibitisha hilo kila asubuhi. Ila walipochukua maji yale yaliyobaki na kuyarudisha kwenye fungu la pili, uvunjaji uliendelea kama kawaida. Kile walichokuwa wanakitafuta kilistahimili moto. Ni protini ndogo ya asidi amino 76 tu, yaani vijenzi 76 vilivyoungwa mmoja baada ya mwingine, nayo ikaja kutambulika kuwa ni yubikwitini.

Wakishirikiana na Irwin Rose wa kituo cha utafiti wa saratani cha Fox Chase, Philadelphia, wakaonyesha mwaka 1980 kwamba yubikwitini inabandikwa kwenye protini inayotakiwa kuondolewa, moja juu ya nyingine mpaka inakuwa mnyororo. Nishati inatumika hapo, katika kuchagua na kutia alama. Protini yenye mnyororo huo inapelekwa kwenye mtambo uitwao proteasomu, wenye umbo la bomba lililo wazi katikati. Mlangoni inavuliwa alama, inakunjuliwa, inavutwa ndani na kukatwa vipande vidogo. Yubikwitini inarudi kutumika tena. Hershko, Ciechanover na Rose walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2004.

Katika kazi yao ya mwanzo hakuna aliyekuwa akitafuta dawa ya saratani. Nalisema hili mbele ya walimu na wazazi kwa makusudi. Kijana anayeuliza kwa nini seli inalipia nishati ili ivunje kitu, msimwambie aache maswali yasiyo na faida.

Hata mtu aliyeanzisha safari ya dawa yenyewe hakuwa na saratani akilini. Alfred Goldberg wa Harvard alikuwa akichunguza kwa nini misuli ya wagonjwa inayeyuka. Mmewaona wagonjwa hao, mtu anabaki mifupa na ngozi. Misuli ile huvunjwa kwa sehemu kubwa na proteasomu. Goldberg akafikiri: tukipata kitu cha kuipunguza kasi proteasomu, labda tutaiokoa misuli. Mwaka 1993 kampuni ikaanzishwa kwa lengo hilo, na mkemia Julian Adams na wenzake wakaunda molekuli yenye atomu ya boroni. Boroni hiyo inakamata mahali penyewe pa kukatia ndani ya proteasomu, inapaziba kwa muda, kisha inaachia. Molekuli hiyo leo inaitwa bortezomibu.

Walipoijaribu kwenye seli za saratani maabara, zilikufa. Wengi walitilia shaka, na shaka yao ilikuwa ya haki: kila seli ya mwili ina proteasomu, sasa utaizibaje kwenye saratani bila kumuua mgonjwa? Katika majaribio ya mwanzo kwa binadamu, waliopata nafuu ya kushangaza walikuwa wagonjwa wa saratani moja, mieloma. Jaribio lililofuata likawachukua wagonjwa wa mieloma ambao dawa nyingine zilikuwa zimeshawashinda. Kati ya 193 waliotathminiwa, asilimia 35 ugonjwa wao ulirudi nyuma. Mei 2003 Marekani ikaidhinisha bortezomibu. Ni mwaka uleule tuliofunguliwa Daraja la Mkapa pale Rufiji.

Kwa nini mieloma? Mtu akilielewa jibu la swali hili ameielewa dawa yote.

Mieloma ni saratani ya seli za plazima, ambazo makazi yake ni uboho, ndani ya mifupa. Kazi yao ni moja, kutengeneza kingamwili, zile silaha za mwili dhidi ya vijidudu, na kingamwili ni protini. Seli moja ya plazima inaweza kutoa maelfu ya molekuli za kingamwili kwa sekunde. Katika uzalishaji wa namna hiyo nyingi zinatoka zimekunjwa vibaya, na lazima ziondolewe papo hapo. Fikirini kiwanda cha kubangua korosho na kaya inayobangua kilo mbili za kula nyumbani. Funga njia ya kutolea maganda siku mbili. Ile kaya haitajua hata kama njia imefungwa. Kiwanda kitajaa maganda mpaka mlangoni, mashine zitasimama. Seli ya mieloma ndicho kiwanda. Bortezomibu inafunga njia kwa saa kadhaa, seli nyingi za mwili zinastahimili, na seli ya mieloma inasongwa na protini zake yenyewe hadi inajiua.

Mwanzoni wataalamu waliegemea maelezo mengine, kwamba proteasomu ikizibwa seli ya saratani inanyimwa ishara za kuishi. Maelezo hayo yana ukweli wake, ila mzigo wa protini mbovu ndio unaotufafanulia vizuri zaidi kwa nini ni saratani hii na si ile.

Maana ziko zilizokataa. Bortezomibu ilijaribiwa kwenye saratani za titi, mapafu, utumbo na nyinginezo zinazofanya uvimbe, na haikuleta matunda. Ukiacha mieloma, ilikuja kukubalika kwa limfoma ya seli za mantle, aina moja ya saratani ya mfumo wa limfu, mwaka 2006. Hebu lipimeni jambo hili. Dawa iliyotokana na sayansi iliyopata Nobel, iliyogharimiwa fedha nyingi, na wenyewe walioitengeneza wanakuambia wazi: kwa saratani ya titi haifanyi kazi. Ukweli wa namna hiyo hutausikia kwa muuza chupa.

Hata kwenye mieloma haiponyeshi kabisa. Seli nyingine hujifunza kuishi nayo, na kwa wengi ugonjwa hurudi. Inachotoa ni muda, na muda si kitu kidogo. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2008, wagonjwa 682 waligawanywa makundi mawili, moja likapewa dawa za zamani na jingine likaongezewa bortezomibu. Muda kabla ya ugonjwa kusonga mbele ulikuwa takriban miezi 16.6 kwa kundi la kwanza na 24 kwa la pili. Tangu hapo wamejifunza kuichanganya na dawa nyingine mbili, deksamethasoni na lenalidomaidi, na matokeo yamezidi kuwa mazuri. Cha ajabu, lenalidomaidi inafanya kinyume chake: inaifanya seli itie alama na kuvunja protini mbili ambazo mieloma inazihitaji ili iishi. Upande mmoja unazuia uvunjaji, upande mwingine unauelekeza, na mgonjwa mmoja anapewa zote mbili.

Wauguzi, ninyi ndio mtakaoyaona madhara yake. Kubwa ni mishipa ya fahamu: ganzi, nyayo kuwaka moto, mgonjwa kushindwa kufunga vifungo vya shati. Mwaka 2011 ilithibitishwa kwamba kuichoma chini ya ngozi badala ya kwenye mshipa kunapunguza madhara haya bila kupunguza nguvu ya dawa. Chembe za kugandisha damu hushuka. Mkanda wa jeshi unaamka, ndiyo maana wagonjwa hupewa asaiklovia ya kuukinga. Usipomuuliza mgonjwa kuhusu nyayo zake hatakuambia. Ataona ni uzee.

Zimekuja dawa nyingine za ukoo huu. Karfilzomibu iliidhinishwa mwaka 2012, iksazomibu, ambayo ni kidonge, mwaka 2015. Nyingine ilitoka baharini, na nyie watu wa pwani naomba niwape habari zake. Watafiti wa taasisi ya Scripps ya California, wakiongozwa na William Fenical, walichota matope ya chini ya bahari huko Bahamas, wakapata bakteria wanaotengeneza kitu kinachoziba proteasomu. Kilijaribiwa kwenye saratani ya ubongo kwa sababu kinaweza kupenya hadi huko, lakini hakikuwaongezea wagonjwa maisha. Hata hivyo matope yale yalitoa molekuli ambayo hakuna mkemia aliyeiwaza. Nasi tuna Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma, ina mikoko, ina matope, na vijana wa biolojia wako hapa ukumbini.

Kuna jambo la hatari ambalo lazima niliseme. Ile lisosomu niliyoitaja haikukosa kazi. Seli huzungushia utando vipande vyake vilivyochakaa na kuvipeleka huko vikameng'enywe. Yoshinori Ohsumi wa Japani alipata Nobel ya Tiba mwaka 2016 kwa kuichunguza njia hiyo kwenye hamira. Seli za saratani zikiwa na njaa huitumia kujilisha, na dawa inayoizuia tunaifahamu wote: klorokwini, ile ile ya malaria iliyokuwa ikituwasha mwili mzima mpaka nchi ilipoiacha mwaka 2001. Klorokwini na ndugu yake haidroksiklorokwini huingia kwenye lisosomu na kuipunguzia asidi. Majaribio mengi yamefanyika kwa wagonjwa wa saratani, na mpaka leo haijawa tiba ya kawaida ya saratani yoyote. Mtu asije akasikia nusu ya maneno haya akaenda kuitafuta. Klorokwini ikizidi kipimo inasimamisha moyo.

Sasa tuje nyumbani.

Mjomba wangu, mkulima wa Newala, aliumwa mgongo. Nani Newala haumwi mgongo? Ukiinama kuokota korosho msimu mzima, ukabeba magunia mpaka kwenye ghala la AMCOS, mgongo utauma. Kwenye duka la dawa muhimu akapewa diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu. Kituo kimoja cha afya wakamchoma sindano zake, akapata nafuu, akarudi, akachomwa tena. Alikuwa amepauka, anachoka akitembea kutoka uani mpaka barazani, na usiku maumivu yanamwamsha. Hakuna aliyeunganisha mambo hayo. Alipofika Dar es Salaam figo zilikuwa zimekufa, na picha ya eksirei ilionyesha matundu kwenye fuvu na mbavu. Ilikuwa mieloma. Tulimzika Newala, na sijaacha kuhuzunika kwamba dawa ya ugonjwa wake ilikuwepo duniani muda wote huo.

Ule mgongo na ile seli ni habari moja. Seli za mieloma zikijazana kwenye uboho zinasababisha mfupa uliwe, na ndiyo maumivu. Kalsiamu ya mfupa inamwagika kwenye damu, na ndiyo kiu, choo kigumu na kuchanganyikiwa. Zinaibana nafasi ya kutengenezea damu, na ndiyo kupauka. Vipande vya kingamwili ambavyo seli hizo zinavimwaga vinapita kwenye figo na kuziziba. Halafu juu ya figo hizo zilizolemewa sisi tunaongeza diklofenaki, ambayo inajulikana kuziumiza. Maumivu ya mgongo ya mzee aliyepauka msiyatulize kwa diklofenaki kabla hamjapima figo. Hili nalisema kwa uchungu wote nilionao.

Takwimu za Marekani zinaonyesha watu wenye asili ya Afrika wanapata mieloma zaidi ya mara mbili ya weupe. Huu si ugonjwa wa Wazungu. Na bortezomibu iliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2019, na sasa inatengenezwa na kampuni nyingi, si moja. Huchomwa mara nyingi siku ya kwanza, ya nne, ya nane na ya kumi na moja, kisha mapumziko, halafu mzunguko mwingine, kila baada ya siku 21. Kwa mtu wa Tandahimba anayepaswa kukaa Dar es Salaam kwa ndugu, ratiba hiyo ni mzigo wa nauli, chakula na shamba lililoachwa. Ndiyo maana nasema huduma hii inapaswa kusogea mpaka Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, na viongozi mliopo hapa nawaomba mlisemee hili. Sindano ya chini ya ngozi haihitaji mtambo mkubwa. Inahitaji dawa, muuguzi aliyefundishwa na maabara ya kufuatilia damu.

Lakini hakuna atakayefika kwenye sindano bila kutambuliwa, na kutambuliwa kunaanzia zahanati. Mzee wa miaka hamsini na kuendelea, mgongo au mbavu zinauma kwa wiki nyingi, hasa usiku, na amepauka au anapata nimonia mara kwa mara: mpimeni wingi wa damu. Hospitali ya wilaya wampime kriatinini, inayoonyesha hali ya figo, na kalsiamu, wampige eksirei. Msiridhike na kile kijiti cha kuchovya kwenye mkojo. Kijiti kinaona albumini, protini ya kawaida ya damu. Vipande vya kingamwili vya mieloma kinaweza kuvikosa kabisa kikasomeka safi. Kipimo kinachovionyesha ni kile cha kutenganisha protini za damu na za mkojo kwa umeme, na baada yake kuchukua uboho.

Na mkimwandikia rufaa, msiandike "maumivu ya mgongo" mkaishia hapo, kwa sababu atapokelewa na mtu mwingine mwenye diklofenaki. Andikeni umri, muda wa maumivu, wingi wa damu, kriatinini, na mstari mmoja wa mwisho: naomba achunguzwe mieloma. Mganga mpya atakayeipokea karatasi hiyo kwenye hospitali ya Ligula au Mitengo atajua aanzie wapi.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Mwenyekiti, naomba maswali yaanzie kwa waganga wa zahanati, kisha wanafunzi.